Bushi Mpya, Mazoea ya Zamani

Fimbo ya gia ilimbakia Dereva mkononi asubuhi, akiwa ndiyo kwanza anatoka getini. Gari lake lilikuwa la zamani, la aina ile ambayo gia hutokea pembeni mwa usukani badala ya sakafuni. Alikuwa akiliendesha tangu binti yake anajifunza kutembea. Mtaa mzima ulimwita Dereva, na hata mkewe hakumwita jina jingine.

"Basi, limekwisha," alisema, akaiweka fimbo juu ya meza ya jikoni, katikati ya vitunguu. "Nampigia yule wa vyuma chakavu aje alibebe."

Binti yake aliweka kikombe chini. Alikuwa fundi wa vyerehani, mwenye kibanda chake na wateja wake, na gari lile alilitaka kwa roho yake yote. Angezunguka nalo kwa washonaji, atengeneze mashine palepale zilipo, badala ya kukaa kibandani akisubiri aletewe. Kila alipoliomba, baba yake alimjibu kwamba gari hilo halikubali mkono wa mtu mwingine.

"Nikilitengeneza je?"

"Ulitengeneze kwa kitu gani, mama? Spea zake hazipo tena duniani."

"Likitembea, ni langu. Nikishindwa, wa vyuma alichukue."

Dereva alicheka kicheko cha mtu aliyekwisha kushinda. "Haya. Mwisho wako ni huyo bwana akifika."

Sasa, fundi huyu hakuwa mnyenyekevu, na tusimsingizie. Kazi aliijua, na alijua kwamba anaijua. Alilala chali chini ya usukani, taa mdomoni, akaona pini iliyoshikilia fimbo imekatika vipande viwili. Mtu mwingine angetia pini mpya na kwenda zake. Yeye alifungua boneti akafuata vile vyuma vinavyoshuka kutoka kwenye usukani hadi kwenye giaboksi, akavitikisa kimoja kimoja. Vilicheza kama meno ya bibi kizee. Bushi, yaani vipete vya plastiki vya kuvikaza kwenye maungio, zilikuwa zimelika zikabaki vumbi. Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wenyewe. Pini ilikuwa imechoka tu kubeba mzigo usio wake.

Aliingia jikoni akatoka na ubao mweupe wa plastiki wa kukatia mboga.

"Ubao wangu una kosa gani?" mama yake aliuliza.

"Hauna kosa, mama. Ndiyo maana nautaka."

Alikata vipande vya duara, akatoboa katikati, akapiga tupa, akajaribisha, akapiga tupa tena, mpaka kila kimoja kikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Pini aliikata kutoka kwenye chuma cha cherehani kilichokufa zamani. Akapaka grisi, akakaza nati, akashika fimbo. Gia ziliingia moja baada ya nyingine, laini, bila kubembelezwa. Akapiga mluzi.

Bwana wa vyuma alifika na lori lake, mnyororo umeshaandaliwa. Dereva alipanda garini kabla mtu hajamkaribisha.

"Tuone," alisema.

Alikanyaga klachi, akavuta gia. Gari lilikwaruza kama sufuria inayokokotwa sakafuni, likaruka kinyumenyume, likaangusha ndoo ya maji. Akajaribu tena. Likarudi nyuma tena.

"Si nilisema?" aliuliza, lakini sauti haikuwa na furaha yoyote. Alilipenda gari lile, na ilimuuma kuona linakwenda kukatwakatwa.

Fundi alichungulia tena chini ya boneti. Alikuwa na hakika na kila nati. Kisha akaacha kulitazama gari, akamtazama baba yake.

"Baba, zima injini. Ingiza namba moja polepole."

Dereva aliishika fimbo, akaitikisa, akaivuta kifuani, akainyanyua, ndipo akataka kuishusha.

"Mbona unainyanyua?"

"Bila hivyo haiingii."

"Tangu lini?"

"Tangu enzi," mke wa Dereva alidakia akiwa mlangoni. "Nikimuuliza, ananiambia gari lenyewe ndivyo lilivyo."

Fundi alicheka, akashindwa kujizuia. "Bushi zilikuwa zinalika, na wewe ukawa unaziba pengo kwa mkono. Sasa pengo halipo. Ukivuta na kunyanyua, hiyo ndiyo gia ya kurudi nyuma. Gari limepona, baba. Mgonjwa ni wewe."

Dereva alinuna. Fundi akamgeukia bwana wa vyuma.

"Gia ya usukani unaiweza?"

"Ndiyo niliyojifunzia."

"Zunguka nalo mara moja."

Gari likatoka getini bila kelele, likapotea kwenye kona. Walisikia gia zikibadilishwa kwa mbali, na Dereva alikuwa amefumba macho akizisikiliza. Lilirudi, bwana wa vyuma akashuka akitabasamu.

"Hili silichukui kama chakavu. Niuzieni kama gari, sasa hivi."

"Haliuzwi!" Dereva alifoka. Kisha akajikuna shingo. "Muulize mwenyewe," akasema, akimwonyesha binti yake kwa kidevu.

Fundi alikuwa amejiandaa kwa ubishi, si kwa hilo. Machozi yalimlengalenga, akayameza, akamwambia bwana wa vyuma asante na safari njema.

Alipokaa kwenye usukani, baba yake alizunguka upande wa pili na kuvuta mlango wa abiria. Haukufunguka. Akavuta kwa nguvu.

"Sukuma kwanza, ndipo uvute," mkewe alimwambia. "Na usiubamize."

"Mlango huu una shida tangu lini?"

"Tangu enzi."

Dereva alisukuma, akavuta, ukafunguka. Akapanda, akajiweka vizuri dirishani kwenye kile kiti kirefu cha mbele cha watu watatu, akakuta mkewe bado amesimama pale nje na pochi yake.

"Sogea katikati," mkewe alisema. "Hapo ni kwangu."