Kidole Gumba cha Okech

Mimi huchana. Nisipolisema hilo mwanzoni hutanielewa. Nina kibanda cha vitabu vikuukuu mjini Migori, nyuma ya stendi, na kitabu chochote kikiingia mkononi mwangu, jambo la kwanza ni kuchana ile karatasi tupu ya mbele. Hapo ndipo watu huandika majina yao. Mzazi akinunua kitabu cha hesabu kisha akute jina la mtoto wa jirani, atarudi kwangu na askari. Kwa hiyo nachana, nasugua kingo kwa msasa, napaka gundi mgongoni, navalisha kava ya khaki, na kitabu kinatoka hapo kama bwana harusi. Nimefanya hivyo miaka thelathini na moja. Mkono wangu ulishaacha kuomba ruhusa kwa kichwa.

Kaka yangu Fanuel alikuwa mtu mwingine kabisa. Alifundisha shule za Rangwe mpaka akastaafu, na maisha yake yote alikusanya vitabu vya kutisha vya Waingereza, vile vilivyotoka miaka ya elfu moja mia tisa na kitu, na lazima viwe chapa ya kwanza. Maiti zinazobisha hodi, nyumba zinazopumua, mambo ya kipumbavu kama hayo. Alikuwa navyo arobaini na moja kwenye kabati la kioo, pale nyumbani kwetu karibu na Asumbi, ambako kila jirani ana rozari shingoni. Mke wake Dolphine alikuwa akilifunika kabati kwa kitambaa cha kufuma padri akija kubariki nyumba. Kuna Waingereza waliomwandikia wakitaka kuvinunua. Hakuwajibu.

Mimi nilimcheka waziwazi. Nilimwita mchungaji wa mashetani. Naye alinihubiria kila nilipokwenda: kitabu chenye doa kimeshuka hadhi, kitabu kilichokunjwa pembe kimejeruhiwa, kitabu kisicho na karatasi hii au ile ni kilema. Nilisikia nusu. Nusu niliyoisikia ni ile ya madoa.

Sababu ya ukusanyaji huo nilikuja kuijua tukiwa tumechelewa, lakini nakupa sasa, usije ukahangaika kama nilivyohangaika mimi.

Baba yetu, Okech, alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja kwenye migodi ya dhahabu huku Migori, kabla ya uhuru. Mzungu huyo alikuwa na kitabu chekundu chenye picha ya mlango ulioachwa wazi kidogo, na alipenda kuwasomea wageni baada ya chakula. Kilikuwa na hadithi ya mtu aliyetia sahihi kwa yule aliye nyuma ya mlango, na kila mwaka yule wa nyuma ya mlango anasogea hatua moja. Usiku mmoja wageni walikuwa wamelewa. Mzungu akamwita baba kutoka jikoni, akamwekea wino, akamwambia, "Okech, tia kidole hapa, uuze roho." Baba hakujua kusoma. Alitia kidole gumba kwenye karatasi tupu ya mbele, Mzungu akaandika maneno chini yake, na meza nzima ikacheka mpaka ikatoa machozi. Baada ya uhuru Mzungu alihama na kitabu chake.

Baba hakusahau. Mwaka 1975 alikuwa akichimba dhahabu mwenyewe huko Masara, shimo likaporomoka, na hakutolewa. Siku tatu walichimba, siku ya nne shimo likajaa maji. Hata kitambulisho, chenye alama ya kidole chake, kilikuwa mfukoni mwake. Kwetu mtu asipopatikana huzikwa tunda la yago mahali pake, lile refu, zito kama mkono wa mtu mzima, ili roho ijue nyumbani ni wapi. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nakumbuka wanawake wakililia tunda, nami nikalia kwa sababu mama alikuwa akilia.

Fanuel ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza, na yeye pekee ndiye baba alimwambia habari za kidole. Mama alimkataza asiitamke tena. Akakaa na jambo hilo moyoni miaka hamsini. Aliamini kwamba kaburini tumezika tunda na kidole cha baba bado kiko mikononi mwa mtu. Hakujua jina la kitabu. Alijua rangi, mlango, na kwamba Mzungu alijisifu ni chapa ya kwanza. Ndiyo maana akakusanya vyote. Alipokigundua hatimaye, akanunua nakala mbili, moja baada ya nyingine, na zote hazikuwa na kidole.

Mimi nilichojua ni kwamba anatafuta kitabu chekundu chenye picha ya mlango. Alinionyesha, akaniomba nifungue macho sokoni.

"Lakini unazo mbili!" nilimwambia.

"Hizo si zenyewe, nyaminwa."

Nyaminwa, dada yetu, ndivyo alivyoniita akitaka nisimkasirikie. Nilikasirika vilevile.

Mwaka jana saratani ya koo ikamkamata. Sauti ikaisha, ikabaki kama mtu anayechakura magunzi. Madaktari wakamrudisha nyumbani, na sote tulielewa maana yake.

Mwezi wa pili mwaka huu, Mayaka akaniletea gunia. Mayaka ananunua vitu vya nyumba za zamani pande zote mbili za mpaka, anavipitisha Isebania na kuvigawa kwa wauzaji kama sisi. Gunia lile lilitoka Sirare, nyumba ya mission iliyobomolewa. Nikalimwaga chini. Biblia, aljebra, kamusi zisizo na herufi A, na katikati yake kitabu chekundu chenye mlango.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Nikasema, Fanuel atakufa akicheka.

Nikakifanyia kazi mchana kutwa. Kilikuwa kichafu. Kingo nilizipiga msasa zikawa nyeupe. Mgongo nikaupaka gundi. Na karatasi ya mbele, we, ilikuwa aibu tupu: doa jeusi la wino katikati kama mtoto amechezea, na mwandiko wa kizungu umepauka chini yake. Doa! Nilikumbuka mahubiri yake yote juu ya madoa. Nikashika karatasi kwa vidole viwili, nikavuta. Ikatoka kwa sauti laini, kama kitambaa. Nikaitupa kwenye katoni pamoja na nyingine, nikavalisha kitabu kava mpya ya khaki.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Asumbi. Fanuel alikuwa amekaa uani, blanketi mapajani, amekonda mpaka saa inamzunguka mkononi. Nikamwekea kitabu mapajani.

"Fungua, mchungaji wa mashetani. Leo utaniheshimu."

Alitoa khaki polepole. Alipoona mlango, alikipapasa kwa kiganja. Akafungua. Akaangalia pale mbele, akapitisha ukucha kwenye ule mdomo mdogo wa karatasi uliobaki karibu na mshono, pale ilipochanwa.

"Marcella," alinong'ona, "hapa palikuwa na nini?"

"Uchafu. Nimeutoa. Si umesema kitabu hakitaki madoa?"

"Uchafu wa aina gani?"

Nikamwambia, kwa majivuno kabisa. Wino. Kama alama ya kidole.

Hakupiga kelele, hakuwa na sauti ya kupigia. Alifumba macho, na machozi yakapita njia zao kwenye yale mashavu. Dolphine akatoka ndani mbio akidhani ameshikwa na maumivu. Ndipo aliponieleza yote, sentensi moja moja, akipumzika katikati, huku nikimsikiliza nimesimama kwa sababu sikuona mahali pa kukaa.

Alipomaliza akasema, "Nilitaka tukizike kabla yangu. Nikitangulia mimi, hakuna mwingine anayejua."

Sikulala kwao. Nilirudi Migori jioni ileile, nikaenda moja kwa moja kwa Linet. Linet anapika mandazi mbele ya stendi na kila Ijumaa hubeba katoni yangu ya karatasi za kufungia.

"Linet, zile karatasi za juzi ziko wapi?"

"Auntie, hizo zilienda. Customers ni wengi, si unajua month-end."

"Kulikuwa na moja ngumu, nzito, ya zamani. Ina wino katikati."

Linet akafikiri, mwiko mkononi. "Zile ngumu hazinyonyi mafuta. Hizo ndio huwa nawashia jiko. Aki pole. Ilikuwa ya maana?"

Nikaliangalia jiko. Lilikuwa linawaka vizuri. Nilitamani kumzaba kofi, na yeye hana kosa lolote, msichana wa watu.

Siku mbili sikufungua kibanda. Siku ya tatu nilichukua kitabu cha nyimbo cha zamani, nikachana karatasi yake ya mbele, nzito na ya manjano kama ile. Nikaminya kidole gumba changu kwenye wino wa muhuri. Mimi ni binti wa Okech. Mikono yangu mipana ni yake, mama alikuwa akisema hivyo akinikemea. Nikakibandika katikati. Chini yake nikachora mwandiko usiosomeka, nikaipaka yote chai ya rangi mpaka ikapauka. Ulikuwa uongo, na niliufanya vizuri.

"Nimeipata," nilimwambia Fanuel nilipofika Asumbi. "Yule msichana wa mandazi alikuwa hajaifikia."

Aliichukua. Akaomba miwani, akaomba na kioo cha kukuzia, kile alichokuwa akipekulia chapa za kwanza. Akaiweka karatasi karibu na ule mdomo uliobaki kitabuni, aone kama zinalingana. Mimi nilikuwa naangalia kuku. Aliikagua muda mrefu sana, akanitazama, kisha akakishika kidole changu gumba, kilichokuwa bado na weusi kwenye ukucha, akakibana kidogo ndani ya kiganja chake.

"Asante, nyaminwa," akasema. "Kesho tuzike."

Tulizika saa nne asubuhi. Katekista alisali bila kuelewa vizuri anasalia nini. Vijana walichimba futi mbili kwenye kichwa cha kaburi la baba. Fanuel alikuja akiwa amebebwa kwenye kiti, na bahasha kifuani, imefungwa kwa uzi. Hakutaka mtu aiguse. Aliinama mwenyewe, akaishusha, akatupa udongo wa kwanza kama mtoto wa kwanza anavyotakiwa. Nilisimama pale nikijua kwamba mimi niliye hai nimewekwa kaburini. Kwetu hata mzaha wa hilo haufanywi. Lakini nikasema moyoni, nina miaka sitini na tatu, acha linipate mimi.

Alikufa baada ya siku kumi na tisa. Tulimzika upande wa kushoto wa baba.

Matanga yalipokwisha, Dolphine aliniita chumbani. Wanunuzi wa Uingereza watachukua kabati lote, aliniambia, isipokuwa kimoja.

"Alisema hiki upewe wewe. Na alisema ukifungulie kwako, si hapa."

Nilikifungua kibandani, mlango nimeufunga. Kilikuwa kile chekundu nilichomletea mimi. Mwisho wa kitabu, ile karatasi tupu ya nyuma haikuwepo. Ilikatwa kwa wembe, mstari umenyooka kama rula. Mtu huyu aliyekuwa akigomba na mke wake kwa kukunja pembe ya ukurasa alikata kitabu chake mwenyewe, tena kile alichokitafuta miaka hamsini. Na kati ya kurasa ilikuwemo karatasi yangu, ile ya chai, na kidole changu katikati. Nyuma yake aliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni:

*Marcella, mtu aliye hai hazikwi. Niliweka kidole changu, mimi nipo njiani.*

Nililia mpaka Linet akaja kugonga.

Kwa hiyo ndugu yangu amelala makaburi mawili, na baba hana hata moja. Yuko kulekule Masara chini ya maji, na kidole chake kilichemsha mafuta ya mandazi. Ujanja wangu wote haujanisaidia hapo. Siku hizi vitabu vyangu vinatoka na majina yaliyoandikwa mbele, ya watoto, ya shule, ya wafu, na mteja akinuna namwambia aende kwingine.

Ile karatasi yenye kidole changu ningali nayo. Siwezi kuizika, na kuitunza naogopa. Mara mbili nimeishika kwa vidole viwili ili niichane, na mara mbili mkono umekataa.