Matone ya Macho ya Mama

Kwa miaka kumi na minane nimewafundisha wanafunzi wa udaktari jinsi dawa inavyofanya kazi mwilini, na kila mwaka naanza na kitasa. Kipokezi ni kitasa, nawaambia, dawa ni ufunguo. Upo ufunguo unaofungua, na upo unaoingia ukakaa tu, ukauzuia ule halali. Wanacheka, na mtihani wanafaulu.

Mama yangu ana pumu na presha ya macho. Matone yake yalipoisha nikampa ya aina nyingine kutoka famasi ya chuo, bila kusoma karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi. Mtu mzima kama mimi nisome karatasi? Siku ya tatu kifua kikaanza kumbana. Akavuta inhela yake ya pumu, wapi, haikusaidia.

"Unavuta vibaya," nikamwambia. "Toa pumzi kwanza. Bana midomo. Mama, hata mtoto wa chekechea angeshaelewa!"

Wiki nzima ilikuwa hivyo: namshika kope, namtia matone kwa mkono wangu, kisha namkaripia.

Jumamosi alishindwa kabisa kupumua, nikamkimbiza hospitali. Daktari wa zamu alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, yule tuliyembandika jina la Maswali kwa kuuliza kwake darasani.

"Shikamoo, mwalimu. Mbali na inhela, kuna dawa nyingine anatumia?"

Papo hapo nikalikumbuka somo langu. Matone hayaishii jichoni. Huingia kwenye damu, yakafika kifuani, yakakalia kitasa kilekile ambacho inhela ingekifungua. Nilijua, na bado mdomo wangu ukasema, "Hakuna."

Mama hakuweza kuongea. Akainua kidole, akagusa jicho lake mara mbili.

Maswali akanigeukia. Safari hii hakuuliza kitu. Nikatoa chupa ya matone mfukoni nikampa, natamani ardhi ipasuke inimeze. Akaisoma, akamwagiza nesi dawa inayopitia kitasa kingine.

Baada ya saa moja kifua kilitulia. Nikamweleza mama yote, kichwa nimeinamisha. Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Yeye akauliza tu:

"Kwa hiyo nilikuwa navuta vizuri?"

"Ulikuwa unavuta vizuri, mama."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akaanza kulia, taratibu. Na mimi, niliyemshika kope wiki nzima, sikuthubutu kumfuta machozi.