Kichwa Kilichotangulia Msiba

Katika ukoo ule, mzazi akifariki watoto wake wote hunyolewa kipara, na nywele zao hufungwa pamoja kwenye kitambaa zikafukiwe miguuni mwa kaburi. Kwa hiyo Dalali, kitinda mimba wa marehemu, alipoingia jioni ile na kukuta mama ameshafunikwa shuka, wote walikitazama kichwa chake. Kilikuwa kinang'aa tayari.

"Mmeona?" mjomba alisema, akijifuta macho. "Tulimwambia mama mgonjwa tu, lakini damu ikamwambia mengine. Huyu ndiye mtoto."

Dalali, ambaye mdomo wake ulishauza hata nyumba zinazovuja, safari hii aliinamisha kichwa tu. Watu wakazidi kumsifu.

Dada yake mkubwa alipompigia simu kwamba mama amezidiwa, Dalali alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa. Kesho yake alikuwa na mteja mnene, na upara uliokuwa ukimnyemelea utosini ulimtia aibu. Bora nywele zote ziende. "Niko njiani, dada," alisema. Kisha akamwambia kinyozi aendelee, na ndevu nazo azichonge taratibu, haraka haraka haina baraka. Sasa methali ile ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alfajiri alirudi kwa kinyozi kuziomba nywele zake. Kinyozi alimfunulia pipa: zilikuwa zimechanganyika na za mtaa mzima, pamoja na vichungi vya sigara.

Ndugu zake walinyolewa uani mmoja baada ya mwingine, na dada akaziokota nywele kama anayechambua mchele. Mjomba akamnyooshea Dalali kidole. "Zake alishazitoa mapema," akawaambia wageni. Dalali alitamani ardhi ipasuke.

Wageni walipotawanyika, alimfuata dada, aliyekuwa akikunja kile kitambaa.

"Dada, sistahili sifa hizi. Uliponipigia sikuwa njiani. Nilikuwa nanyolewa, nikakaa mpaka mwisho."

"Najua," dada akasema. "Nilisikia mashine."

"Mbona hukusema mbele ya mjomba?"

"Ningesema ili iweje? Mama angefufuka?"

Swali lililobaki aliliogopa, lakini lilitoka lenyewe. "Na mama? Alijua?"

Dada alifunga fundo la kwanza, akalikaza, akafunga la pili.

"Nilikuwa nimefungua spika, maana alitaka kuisikia sauti yako. Uliposema uko njiani na mashine ikanguruma, alicheka kidogo. Nikataka kukupigia tena nikugombeze, akanishika mkono." Akamwekea kitambaa kiganjani. "Akasema, mwache mwanangu amalize. Akija na kichwa nusu nusu, watu watamcheka."