Wadhamini wa Shangazi Kinamasi

Mimi Nyamizi si mtu wa ndoto. Nikilala, nimelala. Lakini jana mchana, baada ya kushiba makande kupita kiasi, nilijinyoosha mkekani, na niliyoyaota ndiyo haya.

Kwanza mjue kwamba mume wangu, Lubango, alikuwa amewaita wachimbaji waje saa kumi. Wachimbe mfereji, wakikaushe kinamasi cha nyuma ya nyumba, tupande kabichi. Nami nilikubali. Vyura wa pale walikuwa wamenichosha, na Lubango kila siku alikuwa akisema lile tope halina kazi.

Basi, niko ofisini. Maji yananifika magotini, lakini mafaili ni makavu. Karani ni kambale mwenye miwani, na ana madirisha mawili: moja la nchi kavu, moja la majini. Makazi yote ya viumbe lazima yaandikishwe leo. Yasiyoandikishwa yanafutwa.

Msitu umefika na nyani wake, hawanyamazi. Jangwa linaomba maji ya kunywa, linaambiwa maji ni dirisha la pili. Bahari imeleta gunia la chumvi kama kitambulisho. Utaratibu wa foleni umebandikwa ukutani: anayekuja nyuma humla aliye mbele yake. Panzi kala nyasi, chura kala panzi, nyoka kala chura. Sijawahi kuona foleni inayokwenda haraka namna ile. Nikageuka kwa hofu kumtazama aliye nyuma yangu. Alikuwa mbu. Nikamshukuru Mungu, nikampa mkono ale.

Katikati ya madirisha kasimama mama mnene, kanga yake imelowa chini, kavu juu. Ni Shangazi Kinamasi, namjua bila kuambiwa. Dirisha la kwanza wamemwambia ana maji mno, la pili wamemwambia ana udongo mno. Karani ameshashika kifutio.

Na Lubango wangu yuko pale, kakumbatia kabichi, anaeleza kwamba mama huyu hana kazi yoyote.

"Mwanangu," Shangazi anamuuliza kwa upole, "kisima chenu kinajazwa na nani?"

Lubango anakohoa. Kabichi linainua kichwa.

"Hata mimi nilitaka kuuliza," linasema.

Kisima chetu kiko hatua ishirini tu kutoka kwenye lile tope. Hakijakauka kiangazi hata kimoja, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Niliona aibu kweli.

Kambale anatangaza kwamba asiye na dirisha anahitaji wadhamini wawili, mume na mke wa nyumba moja, wazamishe dole gumba topeni. Nikazamisha langu lote. Karani akamgeukia Lubango.

"Na wewe, bwana?"

Hapo nikashtuka usingizini. Dole gumba langu la kulia lilikuwa jeusi kwa tope. Nje nikasikia makoleo yanagongana, nikatoka mbio, tayari kugombana na mume wangu mbele ya watu.

Nikamkuta barazani, uso bado una alama za mkeka, anawaaga wachimbaji. Mfereji haupo tena, anawaambia, wanywe chai waende zao. Nikamuuliza kulikoni. Akasema kabadili mawazo tu, mkono kautia mfukoni.

Jioni nikapakua ugali. Lubango, ambaye tangu anioe hajawahi kula ugali ila kwa mkono, akaomba kijiko, na akakishika kwa mkono wa kushoto.