Saa ya Mzee Mikunjo

"Baba, leo umekimbia wapi?"

Mzee Mikunjo aliisimamisha pasi, akaibana simu kati ya sikio na bega. Tangu asubuhi alikuwa palepale dukani, nyuma ya meza yake ya kupigia pasi, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda mlangoni kumkabidhi mteja suruali.

"Sijakimbia popote, mama. Nimenyoosha mashuka ya nyumba ya wageni."

Binti yake aliangua kicheko. Saa ya kukimbilia aliyoivaa mzee mkononi ilikuwa ya binti huyo. Alipojinunulia mpya alimletea baba yake hii ya zamani, kwa sababu daktari aliutilia shaka moyo wa mzee, na chochote ambacho saa ingepima, yeye angekiona kwenye simu yake huko mji wa mbali anakofanya kazi. Sasa saa ilikuwa imeona mkono ukienda mbele na kurudi nyuma mchana kutwa, ikaamini imefungwa kwa mkimbiaji hodari.

"Hamishia mkono wa kushoto," binti alisema, bado anacheka. "Huo hauna kazi."

Eti hauna kazi, mkono unaovuta kitambaa kikakaa sawa. Wateja walimpa jina la Mikunjo kwa kuwa hakuna kilichomuudhi duniani kama mkunjo uliobaki kwenye kola, na mikunjo haiondoki kwa mkono mmoja. Lakini hakubisha. Alikuwa hajakisikia kicheko hicho siku nyingi, na ili akisikie tena angeivaa saa hata mguuni.

Zikafuata siku tamu. Kila jioni ilizuka kasoro mpya, na kila kasoro ilikuja na simu. Saa ilikuwa ikimhimiza mzee aongeze kasi kama msichana anayejiandaa kwa mashindano, kumbe umri na uzito wa binti bado vilikuwa vimo ndani yake. Wakavibadilisha pamoja, binti akimwelekeza kitufe kimoja kimoja.

"Haya, sasa inajua wewe ni mzee."

"Ilijua tangu mwanzo, mama. Ilikuwa na adabu tu."

Alipokwenda kununua mkate, saa ilidai amepita juu ya mapaa ya watu. Akafundishwa asimame kwanza mahali peupe, aisubiri itambue alipo. Halafu mapigo ya moyo yakapanda bila sababu. Akaambiwa afute jasho kwenye kioo cha chini kinachogusa ngozi, aipandishe saa juu kidogo ya kifundo cha mkono, akaze mkanda tundu moja, kwa kuwa ukilegea saa hukosea hesabu. Mwisho aweke vidole viwili shingoni, ahesabu mwenyewe, alinganishe. Alihesabu kwa sauti, na binti akahesabu naye.

Vidole na saa vilisema kitu kimoja.

"Basi imepona," binti alisema.

Ikapona kweli, na simu ikanyamaza. Mzee alifunga duka jioni, akapita mlango wa nyuma kuingia chumbani kwake, akala akiwa amekielekea kiti cha marehemu mkewe, ambacho siku hizi kilikuwa cha kuwekea nguo za wateja. Alikuwa mpweke, na hakuwa na jina jingine la kuipa hali ile. Kumpigia binti yeye mwenyewe aliona haya. Angempigia amwambie nini, kwamba leo mashati yalikuwa mengi? Mtoto ana shughuli zake.

Asubuhi moja, akivaa saa, kidole chake kililiruka lile tundu la kila siku. Ungemuuliza kama ilikuwa makusudi, angekwambia uzee. Jioni simu iliita.

"Baba, mapigo yako yamepanda. Uko salama?"

"Niko salama, mama. Labda mkanda."

Wakaongea mpaka chai yake ikapoa. Mzee akanogewa, na mkanda ukawa unalegea mara kwa mara. Lakini simu zilizidi kuwa fupi, na nyuma ya sauti ya binti alianza kusikia vidole vikigonga kompyuta.

"Siku hizi nikiziona namba zako hata sishtuki," binti alimwambia. "Najua tu ni mkanda."

Mzee alicheka naye. Alipokata simu aliona aibu, akarudisha mkanda kwenye tundu lake na kuapa hatauchezea tena.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, alikuwa kwenye mashati meupe ya wahudumu wa hoteli. Mkono mmoja wa shati ulikuwa umeshanyooka, wa pili ameufikia nusu, pasi ilipomwia nzito. Jasho likamtoka, la baridi. Alisimama akiivuta pumzi isifike, mpaka puani ikamjia harufu ya kitambaa kinachoungua. Alama ya hudhurungi ilikuwa imekaa kwenye shati. Hakuwahi kuunguza nguo ya mtu maishani mwake.

Alizima pasi, akajishusha juu ya furushi la nguo chafu, akaitazama saa. Namba ilikuwa juu. Akafuta kioo cha chini kwa pindo la shati lake. Akaipandisha saa, akakaza tundu moja zaidi. Namba ilikuwa palepale. Simu ikalia mlio mfupi wa ujumbe.

*Kaza mkanda, baba.*

Aliweka vidole shingoni, akahesabu peke yake. Vidole na saa vilisema kitu kimoja.

Akapiga. Simu iliita mpaka akadhani haitapokelewa.

"Baba, nipo kazini. Umekaza?" Kompyuta ilikuwa ikigongwa.

"Nimekaza."

"Na kioo umefuta?"

"Nimefuta. Mama, sikiliza." Alisubiri pumzi imrudie. "Siku zile mkanda nilikuwa naulegeza mwenyewe. Nilitaka unipigie. Leo sijaulegeza."

Kule mbali vidole viliacha kugonga. Mzee, vyake vikiwa bado shingoni, akasikia kiti kikisukumwa nyuma.