Usilizime Kabla Hujarudi

Mtaa mzima ulimwita Mjerumani, na jina lenyewe hakupewa kwa mapenzi. Alipewa siku ileile alipoleta gari, gari jeusi la Kijerumani, la mtumba lakini linang'aa, lenye mabomba manne ya moshi nyuma na viti vya ngozi vyekundu kama ulimi wa ng'ombe. Akaliegesha mbele ya nyumba, akalizima, akashuka akilizunguka kama bwana harusi. Watoto wakaja mbio. Kina mama wakaja na ndoo zao. Vijana wa kijiweni wakaja kupiga picha wameliegemea, kila mmoja amekunja sura kama ndiye mwenye mali.

"Subirini msikie mlio," akasema.

Akaingia, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Pale mbele zikawaka taa za kila rangi, halafu zikazimika mojamoja kama wageni wanaoaga msibani.

"Labda limechoka na safari," jirani mmoja akasema kwa upole.

"Au linataka kusemeshwa Kijerumani!" akadakia mwingine, na jina likazaliwa hapohapo.

Ndipo alipokumbuka. Kule kwa muuzaji alilikuta linanguruma. Muuzaji, mtu mnene anayenukia marashi, wa kukushika mkono akausahau mkononi mwake, alimfungulia mlango injini ikiwa inawaka. Akampeleka barabara kuu, akakanyaga mafuta mpaka mgongo wa Mjerumani ukabandikwa kitini na machozi ya raha yakamlenga. Wakarudi, wakaandikishana, wakapeana mikono, na muda wote huo gari halikuzimwa hata mara moja. "Panda tu uondoke, bosi wangu, usipoteze muda," muuzaji alimwambia, akamfungia na mlango. Yeye akadhani ni heshima. Kumbe kapigwa changa la macho mchana kweupe.

Hayo peke yake yangekuwa ya kucheka. Yasiyochekesha ni kwamba gari lilinunuliwa kwa tanuri la mkewe.

Mkewe alikuwa muoka mikate, na si wa kubahatisha. Hakukuwa na duka pale mtaani lililofungua milango asubuhi bila mikate yake. Uwani kwao kulikuwa na tanuri kubwa la chuma la milango miwili, mashine ya kukandia unga, na pikipiki ya magurudumu matatu ambayo mume aliitumia kusambaza mzigo alfajiri. Mke anaoka, mume anatembeza. Nyumba ilikuwa haikauki watu: wasichana wa kufunga mikate, wenye maduka, na wale ambao hawakuwa na shughuli yoyote ila wamefuata joto la tanuri na umbea wa jana.

Kisha mama mkwe akaugua, na mke akaenda kumuuguza. Huku nyuma Mjerumani akaingiwa na mawazo. Harusi! Kila wiki watu wanaoana, na kila bibi harusi anataka kushuka kwenye gari la maana. Gari moja tu la Kijerumani, na mkewe ataacha kuungua mikono. Aliyapeleka mawazo hayo kijiweni, na kijiwe hakijawahi kumkataza mtu kuuza kitu chake. Likaenda tanuri, ikaenda mashine, ikafuata pikipiki.

Mkewe aliporudi alipita moja kwa moja mpaka uwani, pakiti ya hamira mkononi. Akakuta sakafu imebaki na doa jeupe pale tanuri lilipokuwa. Majirani walikuwa wametega masikio ukutani, na baadaye walikiri kwa masikitiko kwamba hawakuambulia kitu, maana hakupiga kelele. Alitoka mbele, akalitazama lile gari lililokufa, akauliza jambo moja tu.

"Ulishindwa hata kuniuliza?"

Mjerumani akaanza kueleza habari za harusi. Akaeleza, akaeleza, akafika hadi kwenye maua ya kupamba boneti. Alipomaliza, mkewe alikuwa ameshafunga nguo zake.

Miezi ikapita. Nyumba ikapoa. Hata wambea waliacha kuja, kwani wangekaa wapi na joto hakuna? Mjerumani akawa analala na redio ikiwaka ili asikie mtu akiongea. Na gari liko palepale nje, kuku wa jirani wanalala chini yake.

Ndipo baba mkwe alipotuma ujumbe: njoo Jumamosi, uje na mtu mzima wa kwenu, tuyazungumze. Mtu mzima aliyebaki kwao alikuwa dada yake mkubwa, mfanyabiashara wa vitambaa, mwanamke wa mdomo mwepesi na moyo mpana.

"Tutapanda basi," dada akasema. "Vaa shati la maana, niachie mimi kuongea. Yule anakupenda bado, nimeshachunguza. Asingekutaka, baba yake asingekuita."

Mpango ukawa huo mpaka asubuhi ya Jumamosi yenyewe, alipopita fundi wa umeme wa magari, kijana wanayemwita Waya, kujaribu bahati yake kwa mara ya mwisho. Aliingiza kichwa chini ya usukani, akatukana kidogo, akaunganisha hiki na kile. Gari likanguruma. Kuku wakatawanyika. Mjerumani akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Sikiliza, kaka," Waya akasema akijifuta jasho. "Sijalitengeneza, nimelidanganya tu. Linadhani ule ufunguo ni wake. Ukilizima litashtuka, na likishtuka mimi sina uongo mwingine. Na usitegemee kulisukuma. Hili ni otomatiki, mtalisukuma mpaka mwisho wa dunia wala haliwaki. Usilizime kabla hujarudi."

Dada mkubwa alipofika na mkoba wake alilikuta linatoa moshi na mdogo wake yuko ndani, kavaa miwani ya jua.

"Mwenzio kaondoka kwa sababu ya hili dude," akasema, "na wewe unampelekea dude lenyewe?"

"Panda, dada. Akiliona linatembea ataelewa. Nataka aone kwamba sikuwa mjinga."

"Kwani unafuata mke au unafuata ushindi?"

Mjerumani akakanyaga mafuta. Dada akashika dari, akataja majina yote ya marehemu wa ukoo wao.

Kwa wakwe kulikuwa na geti la chuma lenye kizingiti cha saruji, na gari lilivyokaa chini lisingeweza kukipanda. Likasimama palepale mdomoni mwa geti, pua ndani, mkia barabarani, linatetemeka. Shemeji, mdogo wake mke, akatoka mbio huku akicheka.

"Shemeji! Umekuja na ndege? Zima basi, majirani watadhani tumefungua mashine ya kusaga."

"Liache lipoe kidogo, shemeji."

"Linapoa huku linawaka? Haya, utaalamu huo. Dada, shikamoo. Pole na safari ya angani."

"Marahaba, mwanangu. Nimefika, lakini tumbo langu bado liko njiani."

Baba mkwe, karani mstaafu, mtu wa suruali iliyonyooshwa hata akiwa nyumbani, alikuwa amesimama mlangoni. "Zima gari, baba, ukaribie ndani," akasema.

"Halina shida, baba. Liache tu."

Mzee akalitazama gari, akamtazama mkwewe, akatangulia ndani.

Sebule ilikuwa imejaa. Mama mkwe, amepona ila amekonda, alikuwa kwenye kochi katikati ya shangazi wawili. Shemeji akaketi kwenye mkono wa kiti. Mke aliingia mwisho akitokea uwani, unga mpaka kwenye viwiko, na harufu ya mkate ikaingia naye. Mjerumani alikuwa ameisahau harufu hiyo. Ikambidi atazame zulia.

Dada mkubwa aliongea siku hiyo, wacha aongee! Alimtukana mdogo wake vizuri kuliko ambavyo wakwe wangethubutu. Alimwita kichwa maji, kipofu, mtoto wa kudanganywa na mlio. Alisema tangu utotoni ndivyo alivyo, kitu kikilia tu anakikimbilia. Mama mkwe akacheka mpaka akakohoa. Shangazi mmoja akafuta macho. Hata mke, midomo ilimcheza kidogo upande mmoja, na Mjerumani aliyekuwa akimwibia macho aliona, na moyo wake ukaruka. Nafasi ipo. Mungu wangu, nafasi ipo.

"Basi tumsikie mwenyewe," akasema baba mkwe. "Mwanangu, sema yaliyo moyoni."

Mke alisugua unga mikononi. Hakuwa mtu wa hotuba. Akaanza taratibu, kwa sauti ya chini, macho kwa mumewe.

"Mimi sikuumizwa na chuma," akasema. "Chuma kinanunuliwa. Niliumia kwamba ulinipangia maisha yangu mimi nikiwa simo. Lakini nimekaa hapa nimefikiri, nikaona—"

Huko nje gari likakohoa.

Mjerumani alilisikia kama mama anavyosikia mtoto akikohoa chumba cha pili. Mlio ukashuka, ukatikisika, ukapanda. Ukashuka tena, chini zaidi. Mguu wake wa kulia ukakandamiza zulia bila yeye kujua. Usizime. Mafuta yale yangetosha, mbona yangetosha. Usizime, tafadhali, si hapa, si mbele ya watu hawa. Likapiga chafya moja, likanyamaza kidogo kiasi cha kumsimamisha roho, halafu likashika, likatulia, likaendelea kunguruma polepole. Akashusha pumzi. Uso wake ukakunjuka kwa tabasamu pana.

Mawazo yake yaliporudi sebuleni, watu wote walikuwa wanamtazama. Mkewe alikuwa na machozi machoni, na mkono mmoja ameunyoosha kidogo mbele, kama mtu aliyetoa kitu anangoja kipokewe.

"Kwa hiyo?" mke akauliza.

"Nakubali," akasema Mjerumani upesi. "Nakubali kabisa."

"Unakubali lipi?"

"Yote."

Mke alirudisha mkono wake pajani.

"Nimesemaje?"

Injini tu ndiyo ilisikika. Mjerumani akamtazama dada yake. Dada alikuwa anatazama mkoba wake. Akamtazama shemeji, ambaye hajawahi kukosa utani maishani mwake, na siku hiyo aliukosa.

"Umesema... nilikosea kuuza tanuri."

"Hilo ulilijua tangu siku ninaondoka. Leo nimesemaje?"

Akasimama, akakimbia nje, viatu vikigonga saruji, akaingiza mkono dirishani na kulizima gari. Ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa hata mbwa wa jirani akabweka. Akarudi anahema.

"Nimelizima. Haliwaki tena lile, nakuapia, nimelizima kwa ajili yako. Sema tena. Sasa nasikia."

"Sasa hivi unasikia," mke akasema. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomtisha. "Mimi yale maneno nimeyatafuta miezi yote hii, mume wangu. Nimeyasema mbele ya wazazi wangu, na aibu yangu yote. Siwezi kuyachukua chini nikayasema tena." Akainuka. "Samahanini, mikate itaungua."

Akaenda uwani. Mama mkwe alimwita kwa jina mara mbili, kisha akaacha.

Baba mkwe alivuta pumzi ndefu. "Mwanangu," akamwambia Mjerumani, "gari lako limeziba geti. Lori la unga liko njiani."

Basi wakatoka kulisukuma. Shemeji, majirani wawili waliokuwa wakisubiri kwa hamu wapate la kusimulia, na Mjerumani mwenyewe akishika usukani kutokea nje, wakalirudisha nyuma hadi barabarani, wakaliweka kando ya mtaro. Shemeji akampiga begani mara moja, akarudi ndani.

Dada mkubwa aliketi kwenye kiti chekundu cha ngozi, mlango wazi, miguu nje. Mjerumani akachuchumaa mbele yake barabarani.

"Dada. Alisemaje?"

"Usiniulize."

"Dada yangu, nakuomba. Alisemaje?"

Dada alifungua mkoba, akatoa leso, akafuta uso. Alizeeka ghafla.

"Alisema anarudi," akasema. "Leo. Alisema ana oveni ndogo, mtaanza nayo palepale uwani kwenu. Na lori la unga lisishushe hapa, limpitie tu yeye, liende kwenu, yeye ameshaongea na dereva. Alisema hatalitaja gari hili tena maisha yake yote. Akakuuliza kama utakuwa unaamka naye alfajiri kama zamani. Ndicho alichokuwa anangoja ujibu. Neno moja. Na wewe ukachekelea dirisha."

Mjerumani alikuwa ameshasimama. "Naenda kumwambia nitaamka. Naenda sasa hivi."

Dada akamdaka shati. "Atakuuliza umejuaje."

Akabaki amesimama hivyo, shati limevutika mkononi mwa dada yake. Lori la unga likapita karibu yao likawatimulia vumbi, likakata kona kuingia getini ambako sasa njia ilikuwa nyeupe. Dereva akapiga honi. Wakasikia geti likisogezwa, na sauti ya dereva akiuliza, mama, tunaendelea na safari ya kule ulikosema?

"Hapana," sauti ya mke ikajibu kutoka ndani, wazi kabisa, kila herufi mahali pake. "Shusheni hapahapa. Shusheni yote."