Chatu Anarudishwa Kichuguuni

Bundala alichoka kabla hajafika ofisi ya hifadhi. Alichoshwa na safari hii na zile za baba yake, maana bikoni, zile nguzo za mpaka, hazikuanza kuhama leo. Alipokuwa mtoto, mpaka wa hifadhi ulikuwa ng'ambo ya mto. Ukavuka mto, wanakijiji wakaambiwa ni wa muda. Ukafika kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, wakaambiwa ramani imerekebishwa. Mwaka huu, watu wakiwa kwenye ngoma, umemeza kichuguu alikomtoa chatu wake.

Hapo ndipo penye shida. Bundala ni wa Bayeye, wacheza ngoma ya nyoka. Hauzi nyoka wala hatibu mtu. Anawakamata kwa sababu anawapenda. Anacheza nao baada ya mavuno, kisha kila mmoja anarudishwa kwenye shimo lake. Ukimwacha popote pengine, watu wa huko watamkata mapanga. Na chatu huyu, jike zito lenye tabia njema, aligoma kula tangu ngoma ziishe. Ngozi ilimlegea kama shati la kuazima.

"Mwangaluka, ng'wanawane," alimsalimu afisa, kijana aitwaye Deogratias.

"Mwangaluka, baba. Sema shida yako."

Akaisema. Deogratias akacheka, kisha akaona mzee hacheki.

"Baba, ukikaa naye ni kosa, hizo ni nyara za serikali. Ukimbeba njiani, kosa. Ukiingia naye hifadhini, makosa mawili."

"Nilimtoa pakiwa malisho yetu."

"Sasa si malisho."

"Na akirudi mwenyewe?"

"Akirudi mwenyewe hana kosa."

"Basi mrudisheni ninyi."

Deogratias akasogeza kiti nyuma. "Mimi? Nyoka? Usinitanie, baba."

Asubuhi iliyofuata Bundala na mkewe, Nyamizi, walipita kwenye shamba lao la pamba hadi kwenye bikoni. Bundala akafungua gunia. Chatu akatoa kichwa, akaonja hewa ya serikali, akageuka, akarudi guniani.

"Huyo kaijua sheria kuliko wewe," alisema Nyamizi.

"Nyamaza, mama Shida."

Akamtoa tena. Chatu akarudi tena. Kichuguu kilionekana pale mbele, karibu kiasi cha kuitana. Na huku nyuma vijana waliokuja kung'oa masalia ya pamba walishaanza kuingia shambani, mapanga mkononi. Bundala akawatazama, akalitazama gunia. Akalitupia begani, akavuka.

Hakukimbia, magoti yake yalishaacha mambo hayo. Kichuguuni alimwelekeza chatu shimoni, akashika ncha ya mkia mpaka ikamponyoka yenyewe.

"Umecheza vizuri," alimwambia. "Nenda kale."

Safari hii chatu hakugeuka.

Bundala alipoinuka, Deogratias na askari mmoja walikuwa wamesimama nyuma yake.

"Baba, nilikwambia."

"Uliniambia."

"Nyara iko wapi?"

"Shimoni kwake."

"Itoe. Ni ushahidi."

"Nikimtoa sasa si ndiyo nitakuwa nimeiba?" Bundala akasogea pembeni kuwapisha. "Ingiza mkono wewe."

Deogratias akamtazama mwenzake. Mwenzake akatoa simu mfukoni, akaanza kuisoma kwa bidii, na pale hapana mtandao hata kidogo. Mwishowe wakachukua gunia tupu kuwa ushahidi, wakampandisha mzee kwenye gari kwa kosa la kuingia bila kibali.

Kutoka ng'ambo ya bikoni Nyamizi alipaza sauti: "Gunia hilo la mbegu! Mlirudishe! Na huyo mzee pia, ana miti ya pamba ya kung'oa!"

Bundala akaegemea ubavu wa gari, akafumba macho. Bikoni itahama tena, anajua. Itafika jikoni kwake, na ataambiwa ni ya muda. Ila gunia lililokuwa miguuni pa askari halikuwa na kitu ndani, na gari halijafika barabarani, mzee alishaanza kukoroma.